Karatasi Imeungua, Mtu Amebaki



Katika toleo lililopita tuliahidi kulijibu swali la kijana mmoja wa kwaya, aliyetusimamisha mlangoni mwa kanisa baada ya ibada akatuuliza mbele ya watu: mtu akijua jambo bila kuwa na cheti cha kuonyesha, je, shule ina deni la kumtambua, au ikimtambua inamfanyia hisani tu? Tulidhani ni swali la dakika tano. Tumelikalia Jumapili tatu, na wazee wawili wa kamati yetu hawajapatana mpaka leo. Tunayoandika hapa ni yale ambayo wengi wetu tumekubaliana, na pale tulipotofautiana tutasema.

Swali hilo halikutoka hewani. Kijana huyo alipata habari kutoka kwa kaka yake, ambaye wengi wenu mnamkumbuka, maana ndiye aliyewafundisha watoto wetu hesabu chini ya mwembe kabla hatujapata darasa la mabati. Alihamishiwa Marekani mwaka 2016. Kule anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, mchana analala kidogo, halafu anasoma. Alipokwenda kujiandikisha chuoni walimwambia aanze mwanzo kabisa, kana kwamba kichwa chake kilikuwa kitupu siku aliyoshuka kwenye ndege. Diploma yake ya Serikali ilibaki Kivu, ndani ya nyumba iliyoungua. Alikaa na uchungu huo karibu mwaka mzima. Kisha mama mmoja wa maktaba akamweleza kwamba iko njia nyingine, njia ya mtihani.

Hapa inabidi tueleze kidogo, kwa sababu utaratibu wao si kama wetu. Vyuo vya Marekani huhesabu elimu kwa vipimo viitwavyo krediti. Somo moja la muhula kwa kawaida ni krediti 3, na shahada ya kwanza huwa krediti 120 hivi. Kila krediti inalipiwa, na kwa wengi gharama hiyo huwa deni la miaka. Basi tangu mwaka 1967 iko mitihani iitwayo CLEP, inayosimamiwa na shirika la College Board, ambayo humruhusu mtu kukaa mbele ya kompyuta kwa saa moja na nusu hivi na kuonyesha kwamba somo fulani la chuo analijua tayari. Hawamwulizi alilisomea wapi, wala na nani, wala kwa nini hana karatasi. Alama zinaanzia 20 na kuishia 80, na baraza la elimu ya juu la kule, American Council on Education, linapendekeza kwamba anayefikia 50 apewe krediti kama aliyekaa darasani. Vyuo zaidi ya 2,000 vinaikubali mitihani hiyo, kila kimoja kwa masharti yake. Ada ya mtihani mmoja ni karibu dola 100. Si kidogo kwa mtu wa kiwanda cha nyama, lakini ni kidogo sana ukilinganisha na ada ya somo lenyewe.

Ndugu yetu alianza na Kifaransa. Alicheka alipotusimulia kwa simu: Kifaransa kile alichoingiziwa kwa fimbo, na ambacho hakuna aliyekitaka pale kiwandani, kilimpa krediti 9 kwa asubuhi moja. Kisha akafanya aljebra, akapata krediti 3. Kisha akajaribu historia ya Marekani, akaanguka. Ilimbidi angoje miezi mitatu kabla ya kuurudia mtihani ule, ndiyo kanuni yao. Akatuambia neno ambalo hatukulitarajia: kwamba siku aliyoanguka ndiyo siku aliyoamini kuwa zile krediti 12 za kwanza zilikuwa haki yake na si huruma, kwa sababu wale wale waliompa walikuwa na uwezo wa kumnyima.

Neno hilo ndilo lililotushika. Sisi wakimbizi tumezoea mambo mawili. Tumezoea kunyimwa bila kuulizwa, na tumezoea kupewa bila kuulizwa. Maharage, mafuta, sabuni, blanketi, tunapewa kwa sababu jina liko kwenye orodha, na hakuna anayetaka kujua kama aliyeshika kadi ni fundi wa redio au mwalimu wa kemia. Kupimwa ni jambo la tatu. Anayekupima amekubali kwanza kwamba huenda unajua. Ndiyo maana tunasema kwamba deni ambalo shule inalo kwetu si kutuamini. Deni lake ni kutusikiliza kwa kipimo cha kweli. Hatuwezi kudai kuaminiwa tu, maana hata mwongo hudai hivyo. Lakini kupimwa, hilo tunaweza kulidai tukiwa tumesimama wima.

Wala msidhani hii ni fikra ya Wamarekani peke yao. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake mwaka 1858 kwa watu ambao hawakuwa wamehudhuria masomo katika vyuo vyake, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamepata shahada wakiwa makwao. Mzee Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa gerezani, na shahada yake kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini aliipata mwaka 1989, angali mfungwa. Kule kwetu Kongo, Mtihani wa Serikali nao ulianza mwaka ule ule wa 1967, na nani kati yetu hakumjua otodidakti, yule mtu mzima aliyejisomea nyumbani kwa madaftari ya kuazima, akaja kukaa na vijana siku ya mtihani huku wakimcheka viatu? Hapa Uganda, Makerere ina mtihani wa watu wazima wenye miaka 25 na kuendelea ambao hawakupita mlango wa kawaida. Kwa mafundi, Idara ya Mafunzo ya Viwanda ilitoa kwa miaka mingi kile kitabu cha Worker's PAS, kinachoonyesha kazi ambazo mwashi au mshonaji amepimwa akaonekana anaziweza, hata kama hakuwahi kuingia chuo cha ufundi. Na Tanzania, VETA wanao mpango wanaouita urasimishaji wa ujuzi, kwa waliojifunzia kazi gereji au kwenye kiwanja cha ujenzi.

Kambini Kiziba, Rwanda, ambako wako ndugu zetu wengi, vijana walianza mwaka 2015 kusomea shahada ya Southern New Hampshire University ya Marekani kupitia taasisi ya Kepler, na hawakuhesabiwa saa walizokaa darasani bali kazi walizothibitisha kwamba wanaziweza. Tunalitaja hilo kwa sababu wako wanaosema mambo haya si ya watu wa kambi.

Sasa tumpe nafasi mzee wetu mmoja, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari kule Kivu na ambaye hakubaliani nasi. Yeye anasema: shule si mtihani. Kijana akikaa darasani miaka minne hujifunza pia kungoja zamu yake, kubishana bila kutukana, kukosolewa mbele ya wenzake na kurudi kesho yake asubuhi. Mambo hayo hayaonekani kwenye kompyuta kwa saa moja na nusu. Na tena, anasema, yuko mtu wa kukariri, anayemeza kitabu wiki mbili, akatapika majibu, akasahau yote mwezi unaofuata. Je, huyo naye tumpe sawa na aliyehangaika muhula mzima?

Hatuna haraka ya kumjibu mzee, kwa sababu ana ukweli. Hata Wamarekani wenyewe wanamkubali kwa sehemu. Vyuo vingi huweka kikomo cha krediti za mitihani, na humtaka mwanafunzi asome sehemu fulani ya shahada chuoni hapo. CLEP yenyewe inahusu masomo ya mwanzo, na hakuna anayepewa ruhusa ya kutibu watu au kujenga daraja kwa kuipita. Na kwa elimu ambayo haiingii kwenye karatasi ya maswali, wanayo njia ndefu zaidi: mtu hukusanya faili la ushahidi, kazi alizofanya, barua za waliomsimamia, maelezo yake mwenyewe ya alichojifunza, kisha mwalimu wa somo hilo hulisoma na kuamua. Tangu mwaka 1974 liko shirika, CAEL, lililoanzia katika kazi hiyo ya kutafuta namna ya haki ya kupima mambo aliyojifunza mtu maishani. Kumbe hata wao hawakuona kwamba kuishi tu kunatosha. Mtu anaweza kupika miaka 20 na chumvi bado ikazidi.

Lakini kuna jambo ambalo mzee wetu halioni, nasi tumemwambia usoni kwa heshima. Yeye anadhani aliyekosa darasa amekosa pia malezi ya darasa. Tazama mama mmoja wa hapa makazini, mkunga, aliyejifunza kazi miaka mingi kwenye zahanati ya misheni kabla ya vita. Wako watoto wa shule yetu ya Jumapili waliopokelewa kwa mikono yake, wengine njiani wakati wa kukimbia. Alipokwenda kituo kimoja cha afya kuomba kazi aliombwa karatasi, hakuwa nayo, wakamwandika mfagiaji. Leo anapiga deki chumba ambacho wanawake wanazalia. Je, huyu hakujifunza kungoja, hakukosolewa, hakurudi kesho yake asubuhi?

Hatusemi apewe kazi ya ukunga kesho. Tungekuwa tunacheza na maisha ya dada zetu. Tunasema akae mtu anayejua, amuulize: mama akitokwa na damu nyingi utafanya nini kwanza, na kwa nini? Akionekana anajua saba na hajui matatu, afundishwe yale matatu. Kumrudisha kwenye yale saba ni kumpotezea maisha yake mara ya pili, na vita imekwisha kumpotezea mara ya kwanza.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, yumo Apolo, mtu wa Iskanderia aliyefika Efeso akifundisha kwa bidii, anayajua Maandiko, lakini ubatizo alioujua ni ule wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikiliza kwanza. Hawakumnyamazisha kwa kuwa hakusoma kwao, wala hawakumwacha aendelee na pengo lake. Walimchukua kwao wakamweleza kilichobaki, na alipotaka kwenda Akaya ndugu wakamwandikia barua ili apokelewe. Hakuna mahali inapoandikwa kwamba alirudishwa darasa la kwanza. Mzee wetu aliposomewa hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema Prisila na Akila walikuwa na muda, si kama mkuu wa shule mwenye wanafunzi 800. Tukacheka wote, maana hilo nalo ni kweli.

Sasa tuseme lile ambalo watu hunong'ona. Wako kati yetu waliopoteza karatasi zao na wakaenda mjini kwa wale vijana wenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala, wakarudi na diploma mpya yenye muhuri. Hatuwataji. Mmoja wao alikuja kwetu mwenyewe na kutuambia: mimi sikuiba kitu, nilisoma miaka sita, nilifaulu, nimerudisha tu kilicho changu. Tuliumia kumsikiliza, kwa sababu tunamjua na tunaamini kwamba kweli alisoma.

Tulibishana juu ya ndugu huyu kuliko juu ya jambo lingine lolote. Wengine kati yetu walisema hajadanganya, kwa kuwa anachokidai ni kweli. Mwisho wengi wetu tuliona hivi. Cheti ni shahidi. Kazi yake ni kusimama mahali ambapo mwenye shule hayupo na kusema, huyu nilimwona. Ndugu yetu amemlipa shahidi ambaye hakuona kitu ili aseme jambo la kweli. Jambo ni la kweli, lakini shahidi ni wa uongo. Na siku shahidi wa namna hiyo akigunduliwa, hafi peke yake. Ofisi iliyokamata diploma moja ya uongo kutoka kwa Mkongomani itaitazama ya pili kwa jicho baya, hata kama ya pili ilibebwa ndani ya nguo kutoka Kivu mpaka hapa kwa miguu. Aliyenunua karatasi amechukua imani kutoka kwenye mfuko wa wenzake wote wasio na karatasi. Na amejinyima kitu kimoja yeye mwenyewe, kile alichokipata ndugu yetu wa Marekani: hawezi tena kujua kama wanamheshimu kwa anachokijua au kwa muhuri.

Hata hivyo hatutamtupia mawe. Mlango wa kweli ukifungwa kwa mawe, aliyeufunga naye ana sehemu yake katika dhambi ya anayepita dirishani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, umezitaka nchi kuwatendea wakimbizi vizuri kadiri iwezekanavyo katika kuvitambua vyeti vya nje, lakini cheti kilichoungua utakitambuaje? Nchi za Ulaya, katika Mkataba wa Lisbon wa 1997, ziliongeza kwamba utafutwe utaratibu wa kuwapima hata wakimbizi wasioweza kuthibitisha masomo yao kwa hati. Na mwaka 2019 Zambia ilikuwa ya kwanza ambako UNESCO ilijaribu pasipoti ya sifa za elimu, ambayo mkimbizi hupewa baada ya kukaguliwa hati alizonazo na kuhojiwa na wanaojua. Si diploma, lakini ni shahidi wa kweli. Kwa hiyo inawezekana. Mahali pengi imekosa mtu wa kuona kwamba ni wajibu wake.

Kuna pia onyo kwa vijana wetu wenye simu. Mtaona matangazo ya vyuo vinavyouza shahada kwa uzoefu wa maisha: tuma pesa, tuma maelezo ya kazi zako, baada ya wiki mbili unaletewa joho na cheti. Hiyo si njia tunayoisifu hapa, ijapokuwa inatumia maneno yanayofanana. Ipo alama moja ya kuitambua: hakuna anayekuuliza swali ambalo ungeweza kulikosa. Chuo ambacho hakiwezi kukuangusha hakiwezi pia kukushuhudia.

Na kwa wenye kupima tuna neno pia. Mtihani nao unaweza kuwa wa dhuluma. Katika Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliwapima Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa neno moja la kutamka, na aliyeshindwa aliuawa. Sisi tuliopita kwenye vizuizi vya barabara hatuhitaji kufafanuliwa. Mwashi wetu anayejua kipimo cha sementi na mchanga, akiulizwa kwa Kiingereza akanyamaza, kilichopimwa hapo si uashi. Basi hata huko Marekani ugeni wa lugha huwaangusha wengi wanaojua somo lenyewe. Lakini tumesikia pia kwamba ziko taasisi kule, kama ACTFL, zinazopima lugha kwa mazungumzo, na Kiswahili kimo, na viko vyuo vinavyotoa krediti kwa hilo. Mama zetu wangeshangaa kusikia kwamba kuna mahali lugha ya sokoni Uvira ni mali.

Tungependa kuishia hapo, kwa kulaumu ofisi na vyuo. Lakini kijana wa kwaya hakutuachia. Alituuliza: na ninyi? Mwaka jana kamati yetu hii ilichagua mwalimu wa darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Waliomba wawili. Mmoja alikuwa na cheti cha ualimu. Mwingine alikuwa amefundisha wilaya ya Fizi miaka 14, bila karatasi hata moja. Tulimchukua mwenye cheti kwa dakika kumi, tukafunga kikao kwa sala. Mwenye cheti si mwalimu mbaya, tusimsingizie. Kosa letu ni kwamba hatukumpima yeye wala mwenzake. Hatukumwambia hata mmoja, simama hapa ufundishe herufi tano tukuone. Yule mwingine hakulalamika. Aliacha tu kuja kwenye mikutano ya Alhamisi, nasi tukasema ana shughuli shambani.

Darasa la pili linafunguliwa mwezi ujao na tunahitaji mwalimu mmoja tena. Safari hii kila atakayeomba, mwenye karatasi na asiye nayo, atafundisha somo la dakika 40 mbele ya wanafunzi wenyewe, Jumamosi saa tatu asubuhi, na wale akina mama wanaojifunza ndio watakaosema kama wameelewa. Mzee wetu mkuu wa shule amekubali kusimamia, kwa sharti kwamba atauliza maswali makali, nasi tumemruhusu. Shemasi wa zoni yetu alikwenda juzi nyumbani kwa yule mwalimu wa Fizi kumpelekea habari. Alimkuta akipalilia mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chaki itakuwepo, akaendelea kupalilia.